Udongo Uwahi Ungali Maji

Ndugu zangu wa Dodoma, tarehe 18 Februari 2024 ilizinduliwa huko Addis Ababa sanamu ya Mwalimu Julius Nyerere, kwenye jengo la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika ambalo tayari lilikuwa na jina lake. Heshima ile aliistahili. Kamati ya Ukombozi ya OAU, mtangulizi wa Umoja wa Afrika, ilikaa Dar es Salaam tangu 1963 hadi kazi yake ilipokwisha mwaka 1994, na gharama ya kuwa wenyeji wake tuliilipa sisi. Lakini hotuba hazijapoa, Watanzania wengi wakawa wameshatoa hukumu yao: huyu si Mwalimu. Wengine walisema kwa hasira, wengine kwa kicheko.

Walikuwako waliokikemea kicheko kile wakisema ni utovu wa adabu kwa Baba wa Taifa. Siafikiani nao hata kidogo. Asiyempenda Mwalimu asingejishughulisha kuitazama pua na paji la uso la sanamu. Tena sura yake si siri ya wataalamu. Imo kwenye noti ya shilingi elfu moja, na muuza karanga wa Jamatini huishika kutwa nzima. Kule Chamwino, Mwalimu alifyatua matofali pamoja na wanakijiji mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wapo wazee ambao hawahitaji noti kumkumbuka. Watu wa namna hiyo wakisema sura haifanani, wanatoa ushahidi, na ushahidi hausikilizwi kwa kukunja uso.

Lawama yangu iko kwingine: tulisema shaba ikiwa imeshaganda. Sanamu ya namna hii haitoki mara moja. Mchongaji hufinyanga kwanza umbo la udongo. Kutoka kwenye udongo hupatikana kalibu, kisha umbo la nta, na mwisho kabisa ndipo shaba iliyoyeyushwa inapomiminwa. Siku ya udongo, shavu lililovimba hupunguzwa kwa kidole gumba. Siku ya shaba hupunguzwa kwa fedha ya umma. Jirani zetu wa Eldoret waliyaona hayo Agosti mwaka huohuo: mji ulipokuwa ukijipamba kutangazwa jiji, zikasimamishwa sanamu za wanariadha, watu wakazicheka, zikaondolewa. Mji wenye mabingwa wa dunia wanaopita njiani kila asubuhi, na hakuna aliyewaita waje watazame mapema!

Najua msanii atanijibu kwamba sanamu si picha ya pasipoti, na kwamba umati nao hukosea. Ni kweli. Mwaka 1898 chama cha waandishi wa Ufaransa kilikataa sanamu ya mwandishi Balzac aliyoitengeneza Auguste Rodin. Ilipofika 1939 ilisimamishwa mjini Paris kwa shaba, Rodin mwenyewe akiwa amekufa tangu 1917, na leo inahesabiwa miongoni mwa kazi kubwa za sanaa. Lakini angalieni jambo hili: iliyobishaniwa 1898 ilikuwa ya plasta. Ugomvi ulifanyika mahali pake, kabla ya kalibu ya shaba, na kila upande ukasema yake hadharani.

Sasa tutazame kwetu. Dodoma imetangazwa jiji mwaka 2018, Ikulu ya Chamwino imefunguliwa 2023, Mtumba majengo ya Serikali yanazidi kuota. Mji mkuu hauishi kwa lami na vioo tu. Minara na sanamu zitakuja, tupende tusipende. Sanamu ya Mwalimu iliyopo Nyerere Square haitabaki peke yake. Basi viongozi wetu, kila sanamu itakayoagizwa kwa fedha ya umma, umbo lake la udongo lipelekwe kwanza viwanja vya Nzuguni wakati wa maonyesho ya Nanenane. Huko hufika watu wa Kongwa, Mpwapwa, Bahi na Kondoa, na si wenye kadi za mwaliko peke yao. (Lifunikwe kwa kitambaa kibichi, maana jua letu litalipasua kabla ya mkosoaji wa kwanza.) Mchongaji naye asimame pale ajibu maswali. Asiyeweza kuitetea kazi yake mbele ya mkulima wa zabibu, asipewe shaba.

Na sisi wananchi tusijitoe. Kwenye mikutano ya viwanja tunajaa hadi nje ya mlango. Ukiitishwa mkutano wa sanaa, tunasema ni mambo ya wasomi. Hayo tunayasema katika mkoa wenye michoro ya mapangoni ya Kolo, iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006! Wenyeji wa nyanda hizi walichora karne nyingi kabla ya chuo chochote kufunguliwa. Kwa hiyo ndugu msomaji, siku tangazo likibandikwa kwenye ofisi ya mtaa wako kwamba udongo uko tayari kutazamwa, nenda, na umchukue babu yako aliyemwona Mwalimu kwa macho.