Vitabu Vitatu vya Mzazi Mwenye Wasia



Mpunga wa bonde la Msangano ukishavunwa na kuuzwa, fedha yake huwa imekwisha kugawanywa kabla haijafika mkononi. Kuna sare za shule, kuna deni la pembejeo, kuna bati la kuezekea na dawa ya mgonjwa. Kitabu, kikikumbukwa, hukumbukwa mwisho. Nami simlaumu mzazi kwa hilo. Namwuliza tu: ikiwa msimu huu utabakiwa na fedha ya kitabu kimoja, juu ya msahafu na madaftari ya shule, utamwagiza msafiri wa Tunduma au Mbeya akuletee kipi?

Jawabu langu ni hili: nunua kitabu ambamo mzazi anasema na mwanawe. Vijana wetu huondoka mapema. Akimaliza shule, huyu huenda kupakia mizigo mpakani Tunduma, yule huolewa ng'ambo ya mto, mwingine hufuata biashara mpaka Zambia. Jioni tunazokaa nao chini ya paa moja zinahesabika, na nyingi huishia katika kuagiza na kukaripia. Wasia unaotolewa kwa hasira hupita sikio moja ukatokea la pili. Wasia unaosomwa kwa utulivu, tena kwa sauti ya mtoto mwenyewe, hukaa.

Sisi Waislamu tunao mfano ulio juu ya mifano yote. Katika Surat Luqman, Mwenyezi Mungu ametuhifadhia maneno ya baba akimnasihi mwanawe kwa upole: juu ya tauhidi, swala, subira, na namna ya kutembea na kusema mbele za watu. Waandishi watatu ninaowapendekeza wamepita katika njia hiyo.

Wa kwanza ni Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, aliyekuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Mwaka 1858, akiwa mjane na mgonjwa, alimtungia utendi binti yake, Mwana Hashima. Alifariki yapata miaka miwili baadaye. Wapo wanaousifu utendi huu kwa sababu ya beti za kumtii mume tu, na wapo wanaoukataa kwa sababu ya beti hizo hizo. Nawasihi wote wausome kuanzia mwanzo. Mama anaanza kwa kumwita binti akaribie na wino na karatasi. Basi fikirini: zaidi ya miaka 160 iliyopita, katika nyumba ya Kiislamu ya pwani yetu, mama ni mtunzi na binti anatazamiwa kushika kalamu. Mzazi wa Msangano anayesitasita kumwacha binti yake aendelee na masomo, akidhani kwamba dini ndiyo inayomzuia, na ausome mwanzo huo mara mbili. Kiswahili chake ni cha Kiamu na kina maneno magumu kwetu wa bara; kwa hiyo tafuteni chapa yenye maelezo ya maneno.

Wa pili ni Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 huko Vibambani, Tanga, na kufariki mwaka 1962. Kitabu chake ni Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Wakazi wa Tunduma, waliozoea misururu ya malori yanayongoja kupita mpakani, wafurahi kujua kwamba mtunzi huyu mkuu alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi. Alifiwa na mkewe, Amina, akamlilia kwa shairi linalosomwa hadi leo. Ndani ya kitabu hicho zimo tenzi mbili za malezi: Hati, aliyomwandikia binti yake, na Adili, aliyomwandikia mwanawe wa kiume. Ninachokipenda hapo ni usawa wa mizani. Hakumwekea binti makatazo na mwana uhuru. Kila mmoja alipewa utenzi wake na adabu yake. Nyumba nyingi zina sheria mia kwa mabinti na hazina hata moja kwa wavulana. Baba akisoma tenzi hizi mbili pamoja, atapata la kujiuliza.

Wa tatu ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891. Mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo la Kiswahili, Sahifa, na miaka miwili baadaye akaanzisha Al-Islah. Baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Makala zake zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Humo anazungumza na umma mzima kama baba wa nyumba: anahimiza elimu, anakemea uvivu na israfu, wala hababaishi maneno. Magazeti kama hili mnaloshika ni wajukuu wa kazi yake. Alifariki mwaka 1947, akamwacha mwanawe Ali akiwa na miaka 14. Mtoto huyo ndiye Profesa Ali Mazrui, aliyekuja kujulikana ulimwenguni kote kwa elimu yake. Baba hakuishi kuyaona hayo, lakini alikuwa amekwisha kuandika.

Kitabu kikishafika, msikifungie kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Baada ya swala ya Isha, kwa mwanga wa taa ya sola, mtoto mmoja asome beti tano au ukurasa mmoja. Neno lisiloeleweka lielezwe, hata kwa Kinyamwanga ikiwa ndiyo lugha ya nyumbani. Kisha mzazi aulize swali moja tu, na akubali kujibiwa. Mzazi asiyejua kusoma hana haja ya kuona haya. Aliyeketi akasikiliza naye ni mwanafunzi. Na ikiwa bei ni nzito, nyumba tatu zichange, kila moja inunue kimoja, kisha wabadilishane. Msimu ujao vitabu vyote vitatu viwekwe kwenye rafu ya madrasa.

Mtume wetu (SAW) ametufundisha kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea dua. Kitabu kizuri kinachosomwa na mtoto na kisha kupewa jirani kinatarajiwa kugusa yote matatu. Bei yake haifiki ya gunia la mpunga.

Wabillahi tawfiq.