Saratani Haina Siku ya Ajali

Kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, Nairobi



Nakuandikia kutoka Wote. Reli haipiti mjini kwetu, lakini inapita Makueni yetu: Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei. Naandika kwa niaba ya wazee walioitumikia.

Enzi za mvuke, boila na mabomba ya garimoshi yalivikwa asbesto kuzuia joto, na fundi aliyeibandua alivuta vumbi lake. Ikaja dizeli, ambayo moshi wake wataalamu wa kimataifa wa saratani waliuthibitisha mwaka 2012 kuwa unasababisha saratani. Sumu hizi haziui kesho. Saratani ya utando wa mapafu huweza kujificha miaka 20, 30, hata 40, mtu keshastaafu na kurudi shambani.

Sasa itazame Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo Mahakama ya Juu iliithibitisha Desemba 2019. Kwa ulemavu kamili wa kudumu, fidia yake ni mishahara ya miezi 96. Aliyekatwa mkono na behewa sheria hii inamfaa: dai hutakiwa ndani ya miezi 12 tangu ajali, na siku hiyo haisahau. Mzee wa Makindu anayeambiwa leo ana uvimbe pafuni aanze kuhesabu lini?

Marekani walilijibu swali hili mwaka 1949. Tom Urie alikuwa mchochea moto wa garimoshi, akavuta vumbi la mchanga kwa takriban miaka 30. Kampuni ikadai amechelewa kushtaki. Mahakama ya Juu ya huko ikakataa: hakuna siku moja ambayo vumbi lilimjeruhi, basi muda uhesabiwe tangu ugonjwa ulipojitokeza. Huo ndio uadilifu.

Nakuomba utoe mwongozo kama huo: kwa saratani, hesabu ianze siku daktari alipoitaja. Daktari naye, hata hapa hospitali ya rufaa ya Wote, amuulize kila mgonjwa wa mapafu alifanya kazi gani.

La uzito zaidi ni daftari za wafanyakazi. Mjane atathibitishaje kwamba mumewe alikuwa karakanani, ikiwa karatasi zimeoza? Agiza zitunzwe miaka 40, pamoja na za reli mpya iliyofunguliwa 2017, maana treni zake nazo zinavutwa kwa dizeli.

Watume maafisa wako Makindu na Mtito Andei wakaandikishe majina, wazee wangali hai.

Mkazi wa Wote, Makueni