Vifungashio: Mzigo Tusiouomba

Juzi nilitoka hapa Mazimbu nikaenda Morogoro mjini kununua mahitaji ya juma katika duka kubwa la kujihudumia, lile ambalo siku hizi twaliita supamaketi. Niliporudi nilifanya jambo ambalo sijapata kulifanya. Badala ya kuyatupa maganda ya vitu nilivyovinunua, niliyapanga yote mezani mbele ya watoto. Biskuti zilikuwa zimevikwa karatasi ya kung'aa mbili mbili, kisha zikalazwa katika kisahani cha plastiki, kisha kisahani kikavikwa ngozi nyingine ya plastiki. Matango matatu yalikuwa juu ya sahani ya povu na kufunikwa utando, kana kwamba tango halikuzaliwa na ganda lake. Ndizi nazo vivyo hivyo! Ndizi, ambayo Mwenyezi Mungu aliifunga vizuri kuliko kiwanda cho chote. Mwanangu mdogo akaangalia lile lundo akauliza, "Baba, na chakula ki wapi?"

Najua jibu litakaloletwa kwanza. Wataniambia kwamba shauri hili lilikwisha tangu tarehe 1 Juni 2019, siku ambayo mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara, hata akutwaye nayo aweza kutozwa faini ya shilingi 30,000 mpaka 200,000, au kufungwa siku saba, au kupewa adhabu zote mbili. Zanzibar walitangulia mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya 2017. Sheria ile ni njema nami naisifu, maana wenye macho waliona jinsi mitaro yetu ilivyopumua. Lakini ilikamata mfuko wa kubebea, ikaviacha vifungashio vya viwandani vya vyakula, vya dawa na vya pembejeo za kilimo. Basi mnunuzi huulizwa kama ana mfuko mbadala, na ndani ya mfuko huo mbadala akabeba plastiki nyingi kuliko ile aliyokatazwa. (Tena mifuko mbadala mingi nayo imetengenezwa kwa nyuzi za polipropilini, ambayo ni plastiki, lakini hayo niyaache kwa leo.)

Kwetu Mazimbu jambo hili lina uchungu wake. Ardhi hii ilikuwa shamba la mkonge. Mkonge haukuwa mmea wetu. Uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na katika miche elfu aliyoiagiza kutoka Florida ni 62 tu iliyosalimika. Kutoka miche hiyo ulitokea utajiri ambao katika mwaka 1964 ulikuwa zaidi ya tani 200,000 za katani, na dunia nzima ilifunga mizigo yake kwa kamba zetu. Mwaka 1977, Serikali ilipowapa wapigania uhuru wa ANC mahali pa kujenga shule, ile iliyoitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, na ambayo tangu 1992 i mikononi mwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, iliwapa shamba la mkonge lililoachwa. Mashamba ya mkonge nchini yalianguka kwa sababu nyingi, wala sidai kwamba ni moja. Hata hivyo kubwa mojawapo ni kwamba wanunuzi wa ng'ambo walizikataa kamba za katani wakashika nyuzi za plastiki. Plastiki ilitunyang'anya soko. Sasa takataka zake zimekuja kulala juu ya shamba lenyewe.

Wala hazilali tu. Mvua za masika zikishuka kutoka Uluguru huchukua kila kilichotupwa njiani, zikakitia katika vijito, na vijito katika Mto Ngerengere. Ngerengere huingia Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo wanywayo watu wa Dar es Salaam. Kwa hiyo kikaratasi cha biskuti kitupwacho Mazimbu si jambo la Mazimbu peke yake.

Wako wasemao, "Waokota chupa watayaokota." Nenda ukawatazame wakifanya kazi. Wataokota chupa za maji, maana huuzwa kwa kilo. Kikaratasi cha kung'aa hawakigusi, kwa kuwa kimeunganishwa plastiki na madini yasiyotengana, wala hapana mtu wa kukinunua. Kitachomwa shimoni nyuma ya nyumba, na moshi wake tutauvuta sisi na watoto.

Wengine husema kwamba kufunga ni usafi. Kwa dawa, kwa nyama na kwa maziwa nakubali bila shindano. Lakini kabichi ya Mgeta hushuka mlimani katika tenga, ikapita mikono mingi na mavumbi mengi, na ni baada ya safari hiyo yote ndipo huvikwa utando dukani. Usafi gani huo ujao mwisho? Kabichi huoshwa jikoni, hata iliyovikwa. Neno la kweli, ambalo wenye maduka hawalisemi, ni kwamba kitu kilichovikwa huonekana cha thamani, nasi twapenda kuonekana tumenunua cha thamani. Hapo kosa ni letu pia. Mama zetu walipimiwa kwa kibaba na pishi, wakatia katika kikapu cha ukindu, na hakuna aliyewadharau.

Tena yatupasa kukumbuka kwamba kumrudishia muuzaji chombo chake si jambo geni. Tangu utoto wetu ye yote aliyetaka soda alipeleka chupa tupu dukani, au aliweka fedha mpaka airudishe, na chupa ile ile ya kioo ikarudi kiwandani katika kreti. Siku hizi twaambiwa tununue ya plastiki, "take away", ili tusisumbuke. Nani aliyesumbuka? Aliyepunguziwa kazi ni mwenye kiwanda. Kazi yenyewe imehamia kwa mfagiaji wa barabara. Ujerumani, kwa sheria ya mwaka 1991, mnunuzi alipewa haki ya kukiacha kifungashio cha nje dukani, naye muuzaji akalazimika kukipokea. Machi 2018, katika mji mdogo wa Keynsham huko Uingereza, wanunuzi walilipia vitu vyao, wakavivua maganda pale pale, wakamwachia mwenye duka. Hawakuvunja kitu wala hawakumtukana mtu.

Nasi tufanye hivyo. Kila mwalimu, kila mwanafunzi wa chuo, kila mama anunuaye sukari aulize kwanza kama yaweza kupimwa katika chombo alichokuja nacho. Akinyimwa, alipe, avue ganda la juu lisilo na kazi, na kuliacha mezani kwa adabu. Na katika barua tuwaombe wenye maduka mambo mawili: mboga na matunda yauzwe bila utando, na pawe na pipa mlangoni la kupokea maganda yao.

Mwenye duka mmoja mdogo hapa kwetu amekwisha kukubali kupima mchele na maharage katika chombo cha mnunuzi, na ameniambia kwamba yeye mwenyewe alichoka kununua vile vifuko. Supamaketi tuliyoiandikia barua haijajibu bado. Jumamosi ijayo nitakwenda tena, na kikapu changu.