Faili Lililofungwa Si Faili Lenye Virusi

Katika chumba chetu cha kompyuta limezuka jambo ambalo yafaa tulitazame vizuri. Programu ya kukinga virusi imalizapo ukaguzi wake, mara nyingi huandika kwamba mafaili fulani ya kivinjari hayakuweza kufunguliwa. Hapo wengine hupiga kelele kwamba kompyuta imekwisha kuambukizwa, na wengine hukifunga kivinjari wakayafuta mafaili hayo. Maoni yangu ni kwamba wote hao hawakusoma walichoandikiwa.

“Halikuweza kufunguliwa” si sawa na “lina virusi”. Mkaguzi asema tu kwamba alifika mlangoni akaukuta umefungwa, kwa hiyo hajui kilichomo ndani. Kivinjari kama Firefox au Chrome kinapokuwa kazini huandika katika mafaili yake kila mara. Ili programu mbili zisiandike pamoja na kuyaharibu, Windows huweza kuiruhusu programu moja ilishike faili peke yake mpaka imalize. Ndivyo lilivyo daftari la mahudhurio: mwalimu akiwa analiandika, mwingine hana budi kungoja.

Tena hasara ya kufuta si ndogo. Katika Firefox, faili liitwalo places.sqlite ndilo lenye orodha ya kurasa zilizotembelewa pamoja na zile zilizowekewa alama. Kompyuta moja twaitumia wengi. Mtu akilifuta, kurasa za masomo walizozikusanya wenzake kwa ajili ya mtihani huweza kupotea, wala hakuna mwizi aliyeingia. Haraka haraka haina baraka.

Hata hivyo sisemi kwamba onyo lidharauliwe. Faili ambalo halikukaguliwa halijathibitishwa kuwa salama. Yatupasa kukifunga kivinjari kabisa, kisha tukague tena. Onyo likitoweka, sababu ilikuwa hiyo. Likibaki, tuiwashe kompyuta upya na kukagua kabla ya kufungua kivinjari. Likizidi kubaki, tunakili jina la faili na mahali lilipo, tumpelekee mwalimu. Lakini programu ikitaja virusi kwa jina, hiyo ni habari nyingine: tuache kazi mara moja na kumwita mwalimu.

Nawaomba walimu wetu watuonyeshe faili la majaribio la EICAR. Lina herufi 68 tu, halina madhara yoyote, nalo lilitengenezwa makusudi ili kuzijaribu programu za kukinga virusi. Tukiona jinsi programu inavyolipigia kelele faili hilo, tutaijua tofauti. Wazazi nao wenye kompyuta nyumbani watafaidika tukiwaeleza wakati wa likizo.

Tumekaa darasani miaka mingi tukifundishwa kusoma. Tukishindwa kuusoma mstari mmoja wa onyo mpaka mwisho, elimu hiyo itatufaa nini?

Mwanafunzi, Kidato cha IV