Linux ni bure, lakini kadi ya pili ya grafiki ina bei yake

Tangu Oktoba 14, 2025, siku Microsoft ilipokoma kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10, ushauri kwa mwenye lapi ya mtumba umekuwa mmoja: weka Linux, buda, ni bure. Hata mimi nimeutoa mara nyingi. Mashine nyingi za ex-UK tunazonunua Luthuli zina prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane, na Windows 11 haizitambui rasmi. Lakini kuna jambo sisi washauri huwa tunalimezea.

Unaijua hii lugha ya dukani: "Hii iko na Nvidia, ongeza kitu kidogo." Unaongeza, maana unataka kuhariri video na kucheza gemu. Ulichonunua ni lapi yenye chipu mbili za picha. Ya Intel imo ndani ya prosesa, haili moto mwingi, na inatosha kuandika na kutazama filamu. Ya Nvidia ina nguvu, na inanyonya betri. Teknolojia ya kuzibadilisha, Optimus, ilitoka 2010. Kwenye Windows, chipu kubwa huamka kazi ikiwa nzito kisha hulala. Wewe hata hujui.

Kwenye Linux utajua. Nvidia ilileta Optimus bila kuwafikiria hawa watu, ikabidi wajitengenezee yao, Bumblebee. Mwaka 2011 kisakinishi chake kilikuwa na nafasi moja tupu iliyokaa vibaya ndani ya amri, kikafuta folda nzima ya /usr. Yaani kompyuta ilijila yenyewe! Juni 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto kule Finland, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliulizwa kuhusu Optimus. Jibu lake lilikuwa kidole cha kati mbele ya kamera.

Mambo yamesonga, tusiwanyime haki yao. Mwaka 2019 draiva rasmi ilianza kukuruhusu kupeleka programu moja kwa Nvidia na kuacha zingine kwa Intel. Mei 2022 wakafungua msimbo wa sehemu ya draiva inayokaa kwenye kiini cha Linux. Lakini ule uliofunguliwa ni wa chipu za Turing kuendelea, za kuanzia 2018. Hata uwezo wa kuizima chipu kabisa isipotumika unaanzia hapo.

Sasa rudi Luthuli. Lapi ya bei yetu ina chipu ya kabla ya hapo. Zile za familia ya Kepler, draiva yake ilikoma kutunzwa 2024. Draiva huria, nouveau, nayo imefungwa mikono: kuanzia GTX za mfululizo wa 900, chipu inadai programu iliyotiwa sahihi na Nvidia ndipo iongeze kasi. Bila hiyo inatambaa. Umelipia gari, unapewa gia ya kwanza.

Halafu kuna HDMI. Kwenye lapi nyingi za aina hii tundu hilo limeunganishwa na Nvidia, si Intel. Ukizima Nvidia kuokoa betri, unachomeka projekta na ukuta unabaki mweusi. Kuirudisha lazima utoke kwenye akaunti ama uwashe upya, na bibi harusi ameshaingia ukumbini.

Msimamo wangu: kama unaenda Linux na bajeti ni ya mtumba, usiongeze hata ndururu kwa ajili ya Nvidia ya zamani. Chukua ya Intel tupu, na hizo pesa uziweke kwa RAM na SSD. (AMD ina nafuu, draiva yake iko wazi ndani ya Linux, ila si rahisi kuipata kwa bei hiyo.) Na Nvidia wasituambie chipu imezeeka. Mnunuzi wa kwanza, kule Uingereza, aliipata na huduma zake zote. Wa pili, Nairobi, anaachiwa chuma. Kama hawataki kuitunza, watoe hizo sahihi tujitunzie.

Kabla ya kulipa, beba flashi yenye Ubuntu na waya wa HDMI. Iwashe bila kusakinisha, uliza jina kamili la chipu, chomeka skrini ya pili, sikiliza feni kwa dakika kumi. Muuzaji akikataa, duka linalofuata liko mlango wa pili.