Nusu Saa ya Angani



Juma hili tumeulizwa: kutoka Malindi hadi Lamu kwa ndege ni mwendo gani? Jibu la ramani ni jepesi. Baina ya uwanja wa Malindi na ule wa Manda, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 140 hivi. Ndege ndogo iendayo kilomita 300 kwa saa huzimaliza kwa dakika 28. Ukiongeza kupaa na kutua, ni nusu saa na ushei. Barabara huzunguka Garsen na Witu, ikapita kilomita 200 kabla ya Mokowe, na bado bahari hujaivuka.

Hesabu hiyo ilipata kutudanganya sisi wenyewe. Tulipigiwa simu baada ya alfajiri kuwa shangazi yetu aliyetulea amefariki Lamu, naye atazikwa baada ya adhuhuri. Ndege ilikuwa ya saa tano. Tukawaambia jamaa, "Tungojeni, ni nusu saa tu." Hatukuhesabu kutangulia uwanjani wala kupima mizigo, na ndege ikachelewa saa mbili na nusu. Tena uwanja hauko Lamu, uko kisiwa cha pili. Msafiri hushuka gatini akatafuta boti. Tulipokanyaga Lamu ilikaribia saa tisa, na jeneza lingali barazani kwa ajili ya neno letu. Mzee mmoja akatushika mkono, akasema taratibu, "Maiti hangojeshwi, mwanangu." Hatukuwa na la kujibu.

Basi ndugu, hesabuni safari kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa nyumba, si kutoka uwanja hadi uwanja. Nusu saa ya angani huenda ikala nusu siku ya ardhini. Na panapotokea msiba, waambieni walioko huko wazike kwa wakati wake. Atakayechelewa ana ruhusa ya kumsalia maiti kaburini, na dua haina masafa.

Limebaki la sala. Wako wadhanio kwamba safari ya nusu saa haina kasri. Katika madhehebu yetu ya Shafi kinachotazamwa ni masafa, si muda: marhala mbili, ambazo wengi huzikadiria zaidi kidogo ya kilomita 80. Malindi na Lamu zimepita kiasi hicho, hata ukifika kwa kupepesa jicho. Ila mkaazi wa Malindi angojaye ndege uwanjani angali mjini mwake. Huyo husali kamili.

Mola awarehemu waliotutangulia, na atupe sisi hekima ya kuhesabu kabla ya kuahidi.

Wabillahi tawfiq.