Unachaji Ndai Kwa Keja Kitengela? Kwanza Jua Inakula Stima Ngapi

Ndai za stima zimeanza kuzoeleka mtaani na nduthi za stima ndio usiseme. Kila mtu anakushow vile ameachana na mambo ya petroli, lakini muulize gari inakula yuniti ngapi kwa mwezi. Wengi watakuambia tu, "tokeni siku hizi zinaisha haraka."

Cheki hesabu. Kutoka Kitengela hadi tao na kurudi ni kama kilomita 70. Ndai ndogo ya stima hutumia karibu yuniti 16 kwa kilomita 100, so hapo ni yuniti 11 hivi. Lakini hiyo ni stima ya kwa betri. Ukichaji, ingine inapotea kama joto, kwa hivyo mita yako itasoma kama 13. Ndio maana usitegemee skrini ya gari peke yake. Kinachokukata doo ni mita.

Ukienda job siku 22, hiyo ni yuniti 286 kwa mwezi. Tuseme tokeni zako zinatoka 30 bob kwa yuniti: unalipa kama 8,600. Gari ya petroli inayokula lita 6 kwa hiyo safari, lita ikiwa 180, inakumeza zaidi ya 23,000. Hapo stima imeshinda, hakuna mjadala.

Noma iko kwa bei ya yuniti. Kenya Power huangalia wastani wa matumizi yako ya miezi mitatu. Kwa bei za msingi zilizopitishwa na EPRA mwaka 2023, mwenye hutumia kati ya yuniti 30 na 100 aliwekewa 16.30, na aliyevuka 100 akawekewa 20.97, kabla ya ushuru na makato mengine. Sasa wewe ulikuwa unatumia 60, ukaleta ndai. Umevuka. Hata ile stima ya fridge na TV imepanda bei, na hakuna mtu amegusa swichi.

Mwaka huo huo EPRA ilileta bei spesheli ya kuchaji magari ya stima: 16 bob mchana na 8 usiku, bado kabla ya makato. Sababu inaeleweka. Usiku mvuke wa Olkaria hauzimwi, na upepo wa Kipeto hapa Kajiado hauendi kulala, lakini watu wamelala. Kwa yuniti zetu 286, bei ya msingi usiku ni kama 2,300, badala ya 6,000 kwa ile ya nyumbani. Lakini ili upate hiyo bei, stima ya gari lazima ihesabiwe kivyake, kwa mita yake.

Na kama unaishi ploti? Hapo ndio urafiki huvunjika. Jirani akichaji nduthi kila usiku anakula kama yuniti 3 na nusu, yaani soo hivi kwa siku, ngiri tatu kwa mwezi. Kama ploti inachanga tokeni sawa kwa sawa, mama wa balbu mbili ndiye anamlipia mafuta. Kumzimia soketi si suluhisho. Suluhisho ni mita ndogo kwa hiyo laini, kila mtu aone namba.

So kabla ujibambe, fanya hivi. Usiku mmoja soma mita kabla ya kuchaji, soma tena asubuhi, toa stima ya fridge. Umepata namba yako. Kisha tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA akuvutie laini ya gari peke yake na mita ndogo. Hii ya kuchaji masaa kumi kwa ekstensheni imelala chini ya mlango ni kutafuta moto.

Halafu enda Kenya Power na hizo namba zako, uulize kuhusu mita ya pili. Landi naye mwonyeshe hesabu kabla hajakupandishia rent kwa kukisia.